Kiti cha Mama wa Shahidi

Kator, Juba
22 Februari 2009

Cirillo baba yangu,

Barua yako Elmi ameniletea mwenyewe mpaka jikoni, inanukia iliki ya dukani kwake. Nimeisoma nikiwa nimesimama, chapati moja ikaungua, na wala sijali. Mungu asifiwe uko Wau salama na magari ya jeshi yako salama mikononi mwako. Lakini mwandiko, baba! Wewe uliyekuwa ukiandika ubaoni pale Jinja mwalimu akaita wageni waje waone, leo unaandika kama kuku aliyekanyaga masizi? Usiniambie tena habari ya kalamu mbovu. Na simu umepotezaje? Hata hivyo ingetusaidia nini, wakati mtandao wa huku hauongei na wa huko, kama mawifi waliokosana.

Huku bado hatujatulia tangu ule moto wa nyumba za nyasi za familia za askari nyuma ya kambi ya Bilpam. Kila nikipita naona majivu na sufuria zilizokunjamana, nageuza uso. Nilipika ugali wa wale waliobaki bila makao mpaka mwiko ukavunjika. Halafu namshukuru Mungu kwamba wewe ulikuwa mbali kwenye gari la maji, kama ulivyoandika, ukaona kwa macho tu.

Sasa kaa vizuri nikupe habari. Alhamisi ameingia hotelini kwangu sajini mmoja anaitwa Anyieth, mrefu kama nguzo ya umeme, mgeni hapa Juba. Alikuwa ameulizia soko zima, "Mama wa Cirillo Loro yuko wapi?" na soko zima likamwonyesha kwangu. Wangemwonyesha wapi kwingine? Nani hajui picha yako iliyo juu ya birika langu? Nani hajasoma kibao changu, HOTELI YA MAMA ASKARI?

Akaniuliza kwa Kiarabu chao kama ni mimi, "Ita mama ta Cirillo Loro?"

Nikamwambia, "Mimi ndiye. Kwani yuko mwingine?"

Akaitazama picha yako, akavua kofia. Mwanaume mzima mwenye mistari begani anavua kofia mbele ya mwanamke mwenye unga viganjani! Akasema polepole, "Cirillo Loro, shahid."

"Shahidi?"

"Aywa, mama. Shahid kebir." Shahidi mkubwa, baba, siyo wa hivi hivi. Kisha akajitahidi kwa Kiswahili, maskini, "Sisi iko nafanya siku kubwa. Wewe iko nakaa kiti ya mbele. Mbele kabisa."

Unajua Kiarabu chao nakisikia kama mvua juu ya mabati, kelele naipata, maneno hayanifikii. Mimi ni mtoto wa kambini Jinja, nimekua na Kiswahili cha askari, na neno shahidi nalijua vizuri. Wanataka kujua moto ulianzaje, na wewe ndiye uliyeona. Kwetu shahidi wa kesi anangoja nje kwenye jua na hakuna anayempa maji. Huku wanamwita mama yake akae mbele!

Tangu baba yako alipotuleta hapa, na tangu tulipomzika, mimi ni "Mama Uganda" tu. Nawapikia, nawauguza, nawafundisha chapati, bado Mama Uganda. Baba yako mdogo Wani alisema kwenye matanga, mbele ya watu, eti mgeni hana neno. Sasa mgeni amepewa kiti.

Nijibu upesi, uniambie utasema nini ukiitwa. Simama wima, usikune kichwa.

Mama yako,
Teopista

* * *

Wau
3 Machi 2009

Mama,

Nimepata barua na karanga. Karanga zimeliwa na watu ambao hata hawakujui, sasa wanakuita mama.

Hiyo habari ya ushahidi sijaielewa. Nimemuuliza afande wangu kama kuna uchunguzi wa moto, akasema hajasikia. Mimi sijaitwa na mtu. Nami sikuona mengi, nilikwambia nilikuwa na gari la maji. Tafadhali, Mama, usiwasimulie wateja kwamba mimi ndiye ninayejua moto ulianzaje. Najua umeshawasimulia. Basi acha sasa.

Huyo sajini alikuonyesha karatasi yoyote? Sherehe ni ya nini hasa? Niandikie kila kitu, hata kile unachoona kidogo.

Kalamu ni mbovu kweli.

Jambo lingine. Kule Lemon Gaba kuna mama mmoja, Teresina, anauza kudra, yale majani ya mboga, karibu na kisima. Ni mama wa rafiki yangu. Ukipata nafasi umpelekee sukari, useme imetoka kwangu. Usimuulize kitu. Kaa naye kidogo tu.

Mwanao,
Cirillo

* * *

Kator
11 Machi 2009

Cirillo baba,

Lemon Gaba sijafika, usinigombeze. Nafasi nitaitoa wapi, nami kila siku napokea wageni?

Umesema niandike hata kidogo, haya. Sajini Anyieth amerudi, akaiomba picha yako ikakuzwe. Baba, wameikuza mpaka imekaribia ukubwa wa mlango! Masikio yako yanaonekana moja moja. Wameitia fremu na pembeni wamefunga kitambaa cheusi. Mimi ningechagua chekundu, lakini cheusi nacho kimekaa vizuri, kinaitoa sare yako. Ameileta niione kabla ya kuitundika, akasimama kando akijifuta macho. Nikamwambia, "Mzuri, siyo?" Akaibeba akatoka nayo.

Na wanawake wa Kator! Wale wale waliokuwa wakipita kwangu pua juu, sasa wanakuja wawili watatu, wanavua viatu mlangoni, wanakaa chini kwenye mkeka. Kila anayeingia, "Malesh, mama, malesh." Adabu ya watu hawa, mtu anaomba radhi hata kwa kuingia tu! Nami nawaambia karibuni, mmenikosea nini, kunyweni chai. Wengine wanalia. Nawaelewa, wana wao wamekaa tu nyumbani. Wamejaza sukari na majani ya chai mpaka sina pa kuweka. Jana nilikuwa nacheka na mteja, mmoja akamnong'oneza mwenzake kitu, wakanitazama kwa heshima mpaka nikaona haya. Nadhani walisema, huyu mwanamke ana moyo.

Lakini kubwa ni Wani. Amekuja na wazee wawili wa ukoo. Akapiga magoti, baba! Wani, mwenye magoti mabovu! Akanishika mikono miwili akasema kwa Kiswahili chake cha kambi ya wakimbizi, "Mke wa kaka, nilikosa. Sasa damu yako imeingia kwa nchi hii. Wewe si mgeni tena."

Nilitoka nyuma nikalia kidogo. Usimwambie mtu.

Siku kubwa ni Jumapili tarehe 29, uwanjani karibu na kambi. Watachinja dume. Nimeshona gomesi jipya, lile gauni letu la Uganda, la zambarau, mabega yake yanafika kabla yangu. Kiti kina jina langu kwenye karatasi: MAMA TA SHAHID CIRILLO LORO. Limeandikwa kwa mkono mzuri kuliko wako.

Mama yako mwenye furaha,
Teopista

* * *

Wau
17 Machi 2009

Mama,

Acha chapati. Kaa chini. Mimi ni mzima. Soma tena hapo: mimi ni mzima.

Kwa Kiarabu cha Juba, shahid siye yule aliyeona. Shahid ni askari aliyekufa kazini, anayekumbukwa kwa heshima. Ile malesh ni pole. Wale wanawake wamekuja matanga. Kitambaa cheusi ni kitambaa cheusi. Mama, umewapa chai watu waliokuja kunilia, ukawachekea, na bila shaka mjini wanasema una moyo wa chuma.

Nilipofika kwa Wani na magoti yake nilicheka mpaka muuguzi akaja mbio.

Ndiyo, muuguzi. Limeshanitoka, basi nitasema lote. Sikuwa kwenye gari la maji. Mkono wangu wa kulia umeungua, na simu iliungulia mfukoni. Huku Wau nililetwa nitibiwe, wala siendeshi gari lolote. Naandika kwa mkono wa kushoto. Daktari anasema vidole vitakunjuka. Sikukwambia kwa sababu nakujua, ungepanda lori la kwanza na sufuria kichwani.

Sasa sikiliza. Kikosini tulikuwa Cirillo Loro wawili. Mimi wakaniita Mrefu, mwenzangu Mfupi. Unamkumbuka: ndiye aliyesema maharage yako hayana chumvi ukamfukuza na mwiko, kesho yake akaja tena na chumvi yake mfukoni.

Siku ya moto tulisikia mtoto analia ndani ya nyumba ambayo paa lake lilikuwa limeshashika. Mfupi aliingia kwanza, nami nyuma yake. Mtoto alikuwa chini ya kitanda, anaitwa Adut, binti wa koplo. Mfupi akamvuta, akanirushia, akasema, "Shika, Mrefu." Nikamshika. Nilikuwa mlangoni, yeye bado ndani, paa likashuka. Nilimpa mtu mtoto nikarudi kumvuta mwenzangu, ndipo mkono ukaungua. Sikumfikia.

Adut ni mzima.

Mfupi ndiye shahid, na Teresina ndiye mama yake. Alimzika mwanawe, kisha akangoja jeshi lije limwambie neno. Halikuja, kwa sababu sajini mgeni aliulizia mama wa Cirillo Loro sokoni, na sokoni anajulikana mmoja tu. Teresina hana kibao wala picha juu ya birika.

Nimemwambia afande hapa, ameandika kwenda Juba, lakini barua za jeshi zinatembea kwa miguu. Hii atakupa Elmi, anapanda ndege ya mizigo kesho.

Najua kiti hicho ni nini kwako, Mama. Lakini nenda Lemon Gaba.

Mwanao aliye hai,
Cirillo

* * *

Kator
21 Machi 2009

Cirillo,

Barua imefika. Elmi alinitazama nikiisoma, akaninyang'anya kisu cha vitunguu.

Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Halafu nikakaa na gomesi langu mapajani nikawaza jambo ambalo sitaki ulisikie kwa mwingine. Niliwaza: nikinyamaza mpaka siku kubwa ipite, nani atajua? Nikae mara moja tu, Wani anione, kisha nitasema. Niliwaza hivyo kwa muda ambao maji ya chai yanachemka. Yalipochemka nikaona aibu mbele ya birika na ya picha yako juu yake.

Kesho asubuhi nakwenda kwa Teresina. Sukari ninayo ya kutosha duka.

Mkono wako nitaongea nao baadaye. Na wewe pia.

Mama

* * *

Kator
30 Machi 2009

Cirillo baba yangu, Mrefu wangu,

Vaa shati, umwite na huyo muuguzi asikilize, maana hii ni barua ya watu wengi.

Nianze na Lemon Gaba. Nilifika na magunia ya sukari juu ya boda, Teresina akadhani nimekuja kuuza. Ni mwanamke mdogo, mkavu, anaongea kana kwamba maneno yataisha. Nilikuwa nimepanga hotuba. Nikafungua mdomo nikaanza kulia, basi yeye aliyefiwa akanipikia mimi chai ya sukari yangu mwenyewe. Nikamwambia kosa langu lote kwa Kiswahili na mikono. Shahid, shahidi, kitambaa, Wani, gomesi. Alipoelewa akafunika mdomo kwa kanga. Nikadhani analia. Baba, alikuwa anacheka! Akasema, "Cirillo wangu akisikia hii atakufa." Halafu akasikia alichosema, tukashikana.

Niliuliza picha ya Mfupi. Hana hata moja. Ana shati lake la sare, moja, alilokuwa ameliacha nyumbani lifuliwe. Tukalipiga pasi pamoja. Mimi nilishika kola, siwezi kumwachia mtu kola.

Jumapili nikavaa gomesi lile lile, maana limeshashonwa. Nikamshika Teresina mkono, shati la Mfupi kwapani mwake, tukakata uwanja mzima katikati, askari wamepanga mistari, wewe umetundikwa pale mbele na masikio yako. Sajini Anyieth akatukimbilia.

"Mama iko wawili?"

"Cirillo iko wawili, afande. Mama ya shahid ni huyu. Wangu si shahid, wangu ni shahidi."

Akahesabu kwa vidole. "Shahid na shahid... nini tofauti?"

"Wa huyu alikufa. Wangu aliona."

"Shahid yako iko hai?"

"Iko hai, iko Wau, iko na mkono mbaya na mwandiko mbaya zaidi."

Maskini sajini. Alivua kofia, akaivaa, akaivua. Kisha akamgeukia Teresina, akasimama kwa ukakamavu, akampigia saluti. Nguzo nzima ya umeme, mbele ya mwanamke anayemfikia tumboni. Teresina hakujua afanye nini, akampa mkono, na yeye akaushika kwa mikono miwili hakuuachia upesi. "Malesh," akasema, na sasa nililisikia lile neno lilivyo.

Wakakushusha pale mbele, usikasirike, tukakunja lile shati tukalitia kwenye fremu, kitambaa cheusi kikabaki. Limekaa vizuri. Watu walitazama shati kwa muda mrefu kuliko walivyotazama uso wako.

Kisha mkubwa wao akauliza nani atasema habari za marehemu. Askari waliokuwepo siku ile wamehamishwa wote. Nikasema, shahidi yupo, amesema kwa maandishi. Nikatoa barua yako kifuani nikaisoma pale mbele, kuanzia "Siku ya moto." Mimi niliyeishia darasa la sita, nasomea jeshi! Sajini akawa anageuza kwa Kiarabu, sentensi kwa sentensi, mpaka pale pa paa, akashindwa, mwenzake akamalizia.

Teresina hakuwa amesikia mwanawe alikufaje. Aliambiwa moto, basi. Aliniomba nirudie mahali pamoja tu, "Shika, Mrefu." Nikarudia. Akatikisa kichwa, akatabasamu. Akasema, "Ndivyo. Hakujua kumwita mtu kwa jina lake. Mimi aliniita Kimya."

Mama wa Adut akatoka katikati ya watu akamweka mtoto mapajani mwa Teresina. Mtoto ana alama ndogo shingoni, mambo mengine yote anayo, hasa sauti. Alitaka vifungo vya gomesi langu. Hapo ndipo uwanja wote ulipolia, nami safari hii nilijua wanalia nini.

Kuhusu kiti. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimeridhika, naapa. Teresina akageuka, akajisogeza upande, akapigapiga plastiki kwa kiganja. Nikakataa. Akapigapiga tena. Basi nikakaa nusu yangu, unajua nusu yangu ilivyo, miguu ya kiti ikaanza kuachana taratibu, yeye akanishika kiuno, mimi nimemshika mtoto, tukabaki hivyo mpaka hotuba zote zikaisha, hatuthubutu hata kukohoa. Sijawahi kukaa mahali pazuri vile.

Wakati wa nyama Wani akaja, uso umemkaa upande. Mtu aliyepiga magoti kwa mtu aliye hai, utamlaumu? Akasema, "Sasa mke wa kaka, nikuite nini? Siwezi kusema mama ta shahid."

Nikaanza kutafuta jibu la kumkata. Teresina akanitangulia, kwa ile sauti yake ndogo. "Mama ta shahidi," akasema, akiivuta ile i ya mwisho kwa Kiswahili nilichomfundisha wiki nzima. "Mama ta shahidiii." Wani akajaribu. Wazee wakajaribu. Mpaka jioni Kator yote ilikuwa inaniita hivyo, na hakuna aliyesema Uganda.

Nami nimejilaumu. Kila Juni watu wetu wanatembea kwenda Namugongo kuwakumbuka watakatifu waliochomwa moto, na kwa Kiganda wanaitwa Abajulizi, neno lile lile la watu walioona. Nimelitamka maisha yangu yote na sikusikia linasema nini.

Teresina sasa analeta kudra kwangu kila asubuhi. Ameonja maharage, akatia mkono mfukoni, akatoa chumvi. Nimemfukuza na mwiko. Kesho yake amerudi.

Sukari yote iliyobaki ya matanga yako imekwenda kwake, wanawake wenyewe wameibeba, wakavua viatu mlangoni kwake. Picha yako kubwa Elmi ameitundika dukani, anasema inazuia wezi.

Mkono uufanyie mazoezi, vidole vikunjuke. Lakini usiache kuniandikia kwa wa kushoto, nimeshauzoea.

Kibao kinapakwa upya leo, HOTELI YA MAMA SHAHIDI. Fundi ameniuliza kwa nini ile i ya mwisho naitaka nyekundu na kubwa kuliko herufi zote. Nimemwambia achore tu, asibanie rangi, maana mwanangu aliye hai anakaa humo.

Mama yako,
Teopista